Bwana J. L. B. Smith na Samaki wa Kale

Mtu asimamaye Kilambo, penye kivuko cha mto Ruvuma, huiona nchi ya Msumbiji ng'ambo ya pili; na akiufuata mto mpaka mlangoni hufika kwenye mikoko na fukwe ambazo bahari huzitupia vitu vya namna nyingi: magogo, makome, kasa waliokufa, na mara mojamoja kiumbe ambacho hata mzee wa wavuvi hakijui jina. Watu hukizunguka, hustaajabu, watoto hukichokoa kwa kijiti, kisha kila mtu huenda zake, na kunguru hula. Bwana James Leonard Brierley Smith hakuwa mtu wa kwenda zake. Alifanya kazi katika visiwa vya Rasi Delgado, kusini kidogo ya mlango wa Ruvuma, na jina lake limejulikana duniani kote kwa ajili ya samaki mmoja.

Alizaliwa tarehe 26 Septemba mwaka 1897 katika mji wa Graaff-Reinet, Afrika ya Kusini. Tangu utoto alipenda sana kuvua kwa mshipi. Vita Kuu ya kwanza ilipokuwa ikiendelea, alijiunga na askari waliokuja kupigana na Wajerumani katika Afrika ya Mashariki. Wengi katika vita vile waliuawa na maradhi kuliko risasi, na Smith naye alishikwa na malaria, na kuhara damu, na homa kali ya viungo. Hakufa, lakini afya yake haikurudi tena kama zamani, na tangu siku zile mpaka uzee wake mwili ulimsumbua. Watu waliomwona baadaye, mwembamba kama ufito, akipanda miamba ya bahari tangu alfajiri mpaka jioni, hawakuweza kusadiki ya kuwa ni mgonjwa.

Baada ya vita alisoma elimu ya kemia, yaani elimu ya asili za vitu na jinsi vinavyochanganyika. Alikwenda Uingereza, akapata shahada ya udaktari katika Chuo cha Cambridge mwaka 1922. Kisha akarudi kwao, akawa mwalimu wa kemia katika Chuo cha Rhodes, mjini Grahamstown, mji ambao sasa huitwa Makhanda.

Kemia ilikuwa kazi yake. Samaki walikuwa mapenzi yake. Wakati wa likizo alikwenda pwani kuvua, na kila alipopata samaki asiyemjua alitafuta jina lake katika vitabu, akaona vitabu ni vichache, tena vina makosa mengi. Basi akaanza kujifunza mwenyewe. Alihesabu miiba ya mapezi, alihesabu magamba ya ubavuni, alipima kichwa na mkia, akaandika yote. Maana hivi ndivyo samaki wanavyotambulikana. Rangi hudanganya, kwa kuwa hubadilika mara samaki akifa. Ukubwa hudanganya pia. Lakini hesabu ya miiba na magamba na umbo la mifupa havidanganyi upesi. Mwaka 1931 alitoa maandiko yake ya kwanza juu ya samaki. Nyumba ndogo za makumbusho za miji ya pwani zikaanza kumletea samaki wa ajabu, naye akawajibu bila kutaka malipo.

Katika mji wa pwani uitwao East London palikuwa na jumba la makumbusho lisilo na fedha nyingi, na mlinzi wake alikuwa mwanamke kijana, Bibi Marjorie Courtenay-Latimer. Alikuwa amepatana na Kapteni Hendrik Goosen, nahodha wa meli ya kuvua kwa wavu wa kukokota, ya kuwa akipata kitu kigeni amwekee. Tarehe 22 Desemba mwaka 1938 Kapteni Goosen alirudi bandarini. Alikuwa amevua mbele ya mlango wa mto Chalumna, mahali penye kina kama cha mita 70. Bibi Latimer alikuwa na kazi nyingi siku ile, na joto lilikuwa kali, alikaribia kutokwenda. Lakini Krismasi ilikuwa karibu, akaona si vizuri kutowasalimu mabaharia, akaenda.

Juu ya meli palikuwa na chungu ya papa na samaki wengine. Chini yao aliona pezi la rangi ya samawati. Akawaondoa samaki waliokuwa juu, na tazama, chini yao palikuwa na samaki ambaye hajapata kumwona mfano wake. Urefu wake ulikuwa kama mita moja na nusu, na uzito wake kama kilo 57. Magamba yake yalikuwa magumu kama silaha ya vita. Mapezi yake hayakuota mwilini kama mapezi ya samaki wengine, bali yalikaa juu ya vikono vinene vya nyama, mfano wa miguu mifupi. Na katikati ya mkia palitokeza mkia mwingine mdogo.

Kumpeleka mjini ilikuwa taabu. Dereva wa teksi alikataa kumchukua samaki anayenuka, hata alipobembelezwa sana ndipo Bibi Latimer na mtumishi wake Enoch wakampakia. Mkubwa mmoja wa jumba la makumbusho alipomwona alisema ni chewa tu, hana maana. Bibi Latimer hakukubali, ijapokuwa hakujua ni samaki gani. Akatafuta mahali pa kumweka asioze. Nyumba ya maiti ilimkataa. Nyumba ya barafu ilimkataa. Mwishowe alimpeleka kwa fundi wa kukausha wanyama, wakamfunika kwa shuka na magazeti yaliyoloweshwa katika dawa ya formalini. Dawa yenyewe ilikuwa kidogo mno. Tarehe 23 Desemba alimwandikia Bwana Smith barua, na ndani ya barua akachora picha ya samaki kwa kalamu. Haikuwa picha ya fundi, ila ilikuwa na kila jambo lililo muhimu: magamba, vikono vya mapezi, na ule mkia mdogo katikati ya mkubwa.

Wakati ule Bwana Smith alikuwa Knysna, mbali na Grahamstown, pamoja na mke wake Margaret, waliyeoana mwaka ule ule wa 1938. Barua ilizunguka, ikamfikia tarehe 3 Januari mwaka 1939. Aliisoma, akageuza karatasi, akaitazama picha. Mara moja alitambua ya kuwa umbo lile alikwisha kuliona, lakini si baharini wala sokoni. Aliliona katika vitabu vya mawe.

Jambo hili lataka kuelezwa. Viumbe wengi wa zamani sana walifunikwa na matope, na mifupa yao ikageuka kuwa mawe. Watu wa kusini ya Tanzania wanayo habari hiyo kwao wenyewe, kwa kuwa katika kilima cha Tendaguru, upande wa Lindi, Wajerumani walichimba tangu mwaka 1909 mpaka 1913 mifupa ya wanyama wakubwa mno wa kale, wakaipeleka Berlin. Basi kabila la samaki aliyechorwa na Bibi Latimer, ambao wenye elimu huwaita silikanti, ni la kale kupita wanyama wa Tendaguru. Mawe yenye alama zao yana miaka zaidi ya milioni 400. Na katika mawe ya miaka milioni 66 iliyopita na baada yake hawaonekani tena. Kwa hiyo wataalamu wote walisema wamekwisha, kama walivyokwisha wale wanyama wa Tendaguru. Na sasa mtu anaandika barua ya kuwa mmoja ametoka baharini juzi, na damu yake.

Bwana Smith aliogopa. Akitangaza ya kuwa silikanti yu hai, kisha ionekane si kweli, wataalamu wa Ulaya na Marekani watamcheka, tena ni mwalimu wa kemia tu, aliyejifunza samaki peke yake. Akinyamaza, huenda kitu kikubwa kikapotea. Alipeleka simu ya kuomba mifupa na matamvua vihifadhiwe. Lakini simu ilichelewa. Siku zile za joto samaki alikuwa ameanza kuoza, na fundi alikuwa amekwisha kumchuna ngozi na kuikausha. Matumbo na sehemu zote laini zilikuwa zimetupwa. Hata picha zilizopigwa ziliharibika. Smith aliposikia hayo alihuzunika sana, maana sehemu hizo ndizo zisizopatikana katika mawe, nazo ndizo zilizotakiwa na wenye elimu kuliko zote.

Mtu angedhani atapanda gari siku ile ile. Hakufanya hivyo. Alikuwa na kazi ya chuo, na mvua kubwa ziliharibu njia. Na labda hofu nayo ilimzuia. Aliandika barua kuuliza mambo madogo madogo, akaagiza kitabu cha samaki wa mawe kutoka Cape Town, akalinganisha picha na picha, usiku na mchana. Tarehe 16 Februari alifika East London, akaingia chumbani alimowekwa samaki. Alimtazama mara moja, shaka yote ikamtoka. Akamzunguka, akamgusa, akampapasa magamba. Kisha akampa jina la kielimu, Latimeria chalumnae: jina la kwanza kwa heshima ya Bibi Latimer, na la pili kwa ajili ya mto Chalumna. Habari ilipochapwa Uingereza mwezi wa Machi mwaka 1939, dunia yote ya elimu ilishtuka.

Watu wengine wangetosheka na sifa hiyo. Bwana Smith alisumbuka, kwa kuwa samaki wake alikuwa ngozi tu. Alitaka mwingine, mzima. Wapo wataalamu wa Ulaya waliosema ya kuwa silikanti hukaa katika vilindi vikuu vya bahari, ambako hakuna atakayemfikia. Smith alibisha. Samaki wa kilindi, alifikiri, huwa laini na dhaifu. Huyu ana magamba ya kumkinga na ncha za miamba, na rangi ya samawati kama ya samaki wa miambani. Tena mbele ya mto Chalumna wavuvi walivuta nyavu miaka mingi wasimpate mwingine. Basi yule alikuwa mpotevu tu, aliyechukuliwa na mkondo utokao kaskazini. Kwao ni kaskazini, penye miamba ambapo nyavu za kukokota hazipiti. Akaelekeza macho yake pwani ya Msumbiji, na Tanganyika, na Kenya, na visiwa vilivyo mbele yake.

Vita Kuu ya pili ikazuia safari. Ilipokwisha, mwaka 1946, Smith aliacha kufundisha kemia, akashika kazi ya samaki tu. Mwaka 1949 alitoa kitabu kikubwa juu ya samaki wa bahari ya kusini ya Afrika, na picha nyingi zilichorwa na mkewe, ambaye alijifunza kuchora samaki kwa ajili ya kazi hiyo, akawa fundi. Kisha wakaanza safari ndefu: Ibo, visiwa vya Rasi Delgado, mpaka karibu na mlango wa Ruvuma, na baadaye Unguja, Pemba na pwani ya Kenya. Bibi Smith alikwenda naye kila mahali. Maji yakitoka walikuwa miambani. Maji yakijaa walikaa wakiandika na kuchora kabla rangi za samaki hazijafifia. Katika safari zake alikusanya samaki kwa sumu na kwa baruti. Siku zile watu hawakuona ni vibaya, walakini pwani ya Mtwara inajua vema baruti ilivyoiharibu miamba na mazalio ya samaki, na leo uvuvi huo umekatazwa na sheria.

Katika safari hizo waligawa karatasi zenye picha ya silikanti, na ahadi ya pauni 100 kwa mtu atakayempata wa kwanza. Maneno yalikuwa ya Kiingereza, Kireno na Kifaransa, lugha ambazo wavuvi wengi hawakuweza kuzisoma. Lakini picha kila mtu huisoma. Mwaka 1952, walipokuwa Unguja, Bibi Smith alikutana na Kapteni Eric Hunt, Mwingereza aliyefanya biashara kwa jahazi lake baina ya Unguja na visiwa vya Komoro. Hunt alichukua karatasi, akaahidi kuzitawanya Komoro.

Usiku wa tarehe 20 Desemba mwaka ule, mvuvi aitwaye Ahamadi Abdallah alikuwa katika ngalawa yake mbele ya Domoni, katika kisiwa cha Anjouan, ambacho wenyewe hukiita Nzwani. Mshipi wake ulikuwa chini sana. Alimpata samaki mkubwa, akapigana naye, akamwua, akampeleka nyumbani. Asubuhi akaenda naye sokoni kumwuza, na angeuzwa vipande vipande, kama si mwalimu wa shule mmoja, Affane Mohamed. Mwalimu huyu alikuwa ameiona karatasi yenye picha. Alimtazama samaki, akakumbuka, akamzuia Ahamadi asimkate, akamweleza habari ya pauni 100. Basi wakamchukua samaki, mzigo mzito katika jua kali, wakavuka milima ya kisiwa mpaka Mutsamudu, safari ya kama kilomita 40, alikokuwa Kapteni Hunt.

Hunt alimtia chumvi, akampeleka kisiwa cha Pamanzi, huko Mayotte, akapata dawa ya formalini, akampelekea Smith simu. Smith alikuwa baharini akirudi kwao. Simu ilimkuta Durban tarehe 24 Desemba. Ni siku ya mkesha wa Krismasi, ofisi zinafungwa, na samaki yu mbali katika nchi ya joto. Alikumbuka jinsi yule wa kwanza alivyooza, naye hakulala. Alipiga simu huku na huku, akakataliwa, mpaka usiku wa tarehe 26 alipozungumza na Waziri Mkuu mwenyewe, Dakta Malan. Huyu alikuwa kiongozi wa serikali iliyowatenga Waafrika kwa sheria kali katika nchi yao; lakini usiku ule alikubali kutoa ndege ya jeshi. Tarehe 28 ndege ilipaa, na kesho yake ikatua Pamanzi. Smith alipelekwa jahazini, sanduku likafunguliwa. Alipiga magoti, akalia machozi. Alikuwa amemtafuta miaka 14.

Samaki huyo hakuwa na pezi la kwanza la mgongoni, na mkia wake mdogo ulikuwa haupo. Smith akadhani ni kabila jingine, akampa jina la Malania, kwa heshima ya Waziri Mkuu. Hapo alikosea. Wengine walipopatikana ilijulikana ya kuwa ni kabila lile lile la Chalumna, na yule alikuwa amepata ajali tu. Jina la Malania likaachwa. Tena si haba kustaajabu ya kuwa jina lilipewa mwenye ndege, na si Ahamadi aliyevua, wala mwalimu Affane aliyetambua. Walakini Ahamadi alilipwa pauni zake 100 kamili.

Ilionekana pia ya kuwa watu wa Komoro walimjua samaki huyo siku zote. Walimwita gombesa, wakimpata mara chache, na nyama yake hawakuipenda sana. Gamba lake likikauka lilifaa kukwaruzia mpira wa baiskeli kabla ya kutia kiraka. Wafaransa, waliokuwa wakitawala visiwa hivyo, walikasirika kwa samaki kuchukuliwa, wakawakataza wageni kuwatafuta tena. Kwa miaka mingi waliofuata wakaletwa Ufaransa.

Mwaka 1956 Smith alitoa kitabu chake juu ya habari hii, kikasomwa katika lugha nyingi. Mwaka ule ule Kapteni Hunt alipotea baharini baada ya jahazi lake kupanda mwamba baina ya Komoro na Madagaska. Smith aliendelea na kazi, akawapa majina samaki zaidi ya 300 wasiojulikana kwanza na wenye elimu, wengi wao wa pwani hii ya Afrika ya Mashariki. Alikufa Grahamstown tarehe 8 Januari mwaka 1968. Bibi Smith hakuacha kazi ife: alisimamia chuo cha elimu ya samaki kilichoitwa kwa jina la mumewe, naye alifariki mwaka 1987. Bibi Latimer aliishi mpaka mwaka 2004, akiwa na umri wa miaka 97.

Mambo ambayo Smith hakuwahi kuyajua yamejulikana baadaye. Mwaka 1975 ilionekana ya kuwa silikanti huzaa watoto walio hai, wala hatagi mayai. Mwaka 1987 Mjerumani Hans Fricke alishuka katika bahari ya Komoro ndani ya chombo cha kuzamia, akawaona wakiwa hai kwao. Mchana hukaa mapangoni, zaidi ya mita 100 chini; usiku hutoka kuwinda. Smith alidhani hutembea juu ya miamba kwa mapezi yake, lakini hatembei: huyapunga polepole, la kushoto mbele na la kulia nyuma, kama mtu apigaye makasia mawili kwa zamu.

Naye hayuko Komoro tu. Mwaka 2003 mmoja alivuliwa upande wa Kilwa, na tangu mwaka 2004 wengi walinaswa Tanga katika majarife yaliyotegwa kilindini kwa papa. Kwa sababu hiyo mwaka 2009 serikali ya Tanzania ilitenga sehemu ya bahari ya Tanga iwe hifadhi yao. Yule wa Chalumna yupo bado katika jumba la makumbusho la East London, ngozi yake imekauka na rangi ya samawati imemtoka, na ule mkia mdogo waonekana wazi katikati ya mkubwa.